Abiria Washauriwe Wakiwa Vitandani

Sogeeni karibu, na mwenye karanga agawe, maana habari hizi ni za nchi ya mbali, mbali kabisa na kwetu, wala hakuna hata mmoja wetu mwenye jamaa huko. Jina la nchi hiyo halitatajwa. Si kwa woga. Kamati ya Jina iliundwa mwaka ule wa uhuru, na mpaka leo ingali kikaoni.

Nchi hiyo haikuwa na dhahabu, haikuwa na mafuta, na reli yake ilifika nusu ya pale inaposemekana inafika. Lakini ilikuwa na ushauri. Loo, ushauri! Ulipatikana masika na kiangazi. Kiongozi wake hakuitwa Rais, jina la kiburi hilo; aliitwa Mshauri Mkuu wa Taifa, na katika miaka yake thelathini na mmoja hakuwahi kumwamrisha mtu jambo lolote. Alishauri tu. Wasioelewa walishauriwa tena, katika jengo la kijivu lenye mlango mmoja, na waliotoka humo walikuwa wameelewa kiasi cha kushindwa kueleza.

Ushauri ulikuwa na adabu zake. Iliyo kuu ni kwamba mtu hashauriwi akiwa amesimama. Ushauri unaompata mtu wima, walisema, huteremkia miguuni na kupotelea ardhini. Kwa hiyo kila ofisa alitembea na kigoda. Askari wa barabarani akisimamisha gari, kwanza humshusha dereva, humwekea kigoda kando ya lami, humuuliza, "Umekaa?" Dereva akijibu, "Nimekaa, afande," ndipo maneno huanza. Yakiisha, aliyeshauriwa husema, "Nimeshaurika," na maisha yakaendelea. Aliyeambiwa akiwa wima alihesabika hajaambiwa, na angeweza kwenda mahakamani akashinda.

*

Mwajabu alikuwa karani wa muda katika Wizara ya Ushauri na Maoni, kazi yake kupiga chapa na kuandika kumbukumbu za vikao. Huo muda wenyewe ulikuwa umetimiza miaka mitatu. Wizara ilikuwa na idara mbili zilizotazamana: Idara ya Ushauri, ambayo maneno yake lazima yafuatwe, na Idara ya Maoni, ambayo maneno yake nayo lazima yafuatwe, ila kwa tabasamu.

Nyumbani Mwajabu alikuwa na Shani, mtoto wa miezi kumi, mwenye meno manne na hasira za mwenye thelathini na mawili. Na mbali, kwenye maji ya watu, alikuwa na mume, Mfaume, dobi katika meli kubwa ya watalii iitwayo Starehe ya Saba. Zile sita za kwanza zilipelekwa wapi, hakuna anayeuliza. Mfaume aliondoka mimba ikiwa ya miezi mitano. Yeye na mtoto wake walijuana kwa simu tu, tena kwa kipaji cha uso na tundu moja la pua, kwa maana hivyo ndivyo Bi Nunu, mwenye nyumba aliyemlea Shani mchana, alivyoshika simu, na Mfaume naye vivyo hivyo.

Siku moja saa ya chakula, Mwajabu yuko nyuma ya kabati la mafaili na viazi vyake, simu ikaita.

"Mama Shani."

"Abee, Baba Shani."

"Umekaa?"

"Nimekaa. Tangu lini na wewe ukawa ofisa?"

"Sikiliza basi. Meli inakuja huko. Kwetu! Alhamisi ya wiki ya tatu, inafunga gati saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni."

Mwajabu aliangusha kiazi. Alitaka kupiga kigelegele akakumbuka yuko serikalini.

"Utamshika mwanao," alisema kwa sauti ya chini. "Mfaume, utamshika kwa mikono yako."

Upande wa pili mashine za kufulia zilinguruma.

"Ndilo ninalokupigia, mke wangu. Siku ya bandari ndiyo siku ya kutuua sisi. Abiria wakitoka tu, wahudumu wanavua vitanda vyote, mashuka elfu nne yanatumiminikia huku chini. Mpaka tuyafue, tuyapige pasi, meli imeshaondoka. Nimefika nchi ishirini na moja, Mwajabu, sijaiona hata moja. Nimeona mashuka yake."

"Na abiria wasipotoka?"

"Wasipotoka vitanda vina watu, tunavua nini? Msimamizi anatufungulia mlango twende tukanyooshe miguu. Lakini wasitoke kwa nini? Watu wamekaa baharini siku sita. Hao wakiona nchi kavu wanaikimbilia hata kama ni jela."

Mwajabu aliokota kiazi chake akakipuliza. Tangu dakika ile akili yake ilianza kwenda na kurudi kama cherehani.

*

Habari za meli ziliifikia Serikali nayo, na Serikali ikashtuka. Wageni elfu moja na mia tisa, kwa mpigo, hawajashauriwa! Ilitoka amri, samahani, ulitoka ushauri, kwamba Wizara iandae kitabu cha kuwaongoza abiria, nao wasomewe neno kwa neno kabla mguu wa kwanza haujagusa gati. Palitoka pia waraka kwa raia wote, kwamba siku ya meli mtu asionekane bandarini ila mwenye Kibali cha Kuonekana. Kibali walipewa wenye meno yaliyopangika. Watoto wachanga walinyimwa moja kwa moja, kwa kuwa hutoa maoni hadharani bila kupitia Idara.

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kirungu, mtu mpana mwenye kawaida ya kufumba macho ili asikie vizuri zaidi. Kulia kwake alikaa Bwana Mwinchande, Mkurugenzi wa Ushauri, na kushoto Bi Mwatumu, Mkurugenzi wa Maoni, na wajumbe wengine wanane walijaza palipobaki. Mwajabu alikaa pembeni na daftari. Mwandishi wa kumbukumbu hakuruhusiwa kusema. Hata kupiga chafya aliombewa nafasi na Katibu.

Mwanzo kitabu kilikuwa na busara. Ibara ya kwanza: *Abiria mwenye kichefuchefu atafune tangawizi na atazame mbali.* Hapo Bi Mwatumu alikuwa na maoni.

"Atazame mbali wapi? Mbali ni pakubwa, ndugu Mwenyekiti. Mtu anaweza kutazama mbali akaona nchi jirani."

Ikaongezwa kwamba atazame picha ya Mshauri Mkuu, nakala moja kila chumba, na kwamba akizidi kutapika picha haihusiki.

Ikaja ibara ya viatu. Bwana Mwinchande alishauri kila abiria abebe jozi mbili, za kutembelea na za kuogelea. Mjumbe mmoja alisema hakuna viatu vya kuogelea, akaulizwa kama amewahi kupanda meli, akasema hapana, akaambiwa anyamaze. Aliyemwambia hivyo naye hakuwahi. Ikaja ibara ya chakula: *Meli hutoa chakula bure siku nzima. Abiria asile kama anayelipiza kisasi.* Ikaja ya picha: *Mgeni yuko huru kupiga picha ya kitu chochote kizima. Orodha ya vitu vizima imeambatishwa.* Orodha ilichukua nusu ukurasa, pamoja na sahihi. Ikaja ya ombaomba: *Nchi hii haina ombaomba. Mgeni akiona mtu amenyoosha mkono, amsalimie.* Na ile iliyopigiwa makofi kuliko zote: *Abiria asichelewe kurudi, kwa kuwa meli haimngoji mtu, Serikali ndiyo mtu aingojayo.*

Wiki mbili zilipita, kitabu kikafika ibara mia nne kumi na mbili. Ndipo Bi Mwatumu alipoweka kalamu chini akauliza swali moja.

"Watakaa wapi?"

"Nani?"

"Abiria. Wakati wa kushauriwa. Wizara ina vigoda arobaini na sita, na kumi ni vya Mheshimiwa."

Hili halikuwa jambo la mzaha. Abiria elfu moja na mia tisa wakisomewa wima, kazi yote ni bure, na Mshauri Mkuu angetaka kujua kwa nini.

"Melini mna viti," alisema Bwana Mwinchande.

"Vinatazama baharini," alijibu Bi Mwatumu. "Tumshauri mgeni huku ametupa kisogo?"

"Basi tuwape zamu. Thelathini na sita, wakishaurika, wengine thelathini na sita."

Mjumbe mwenye kikokotoo alikokotoa, akafuta, akakokotoa tena, akasema zamu ya mwisho itamalizika karibu na mfungo wa mwaka kesho. Mheshimiwa Kirungu alikuwa amefumba macho, anasikia vizuri sana, hata akaanza kukoroma. Chai ikaletwa. Watu wakala mihogo, wakazungumzia msiba wa shemeji yake Katibu, na kikao kikaisha bila uamuzi wowote.

*

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kumbukumbu za vikao katika nchi ile ambalo Mwajabu alilijua kwa miaka mitatu na hakuwahi kulitumia. Zikisomwa kikao kinachofuata, hakuna mjumbe aliyethubutu kusema, "Hili halikusemwa." Angesemaje? Kila mmoja alijijua kwamba alisinzia mahali fulani, ila hakujua wenzake nao walisinzia wapi.

Alasiri ile Mwajabu alibaki peke yake ofisini. Aliandika msiba wa shemeji, akaandika mihogo kwa jina la "majadiliano ya kina", kisha vidole vikasimama juu ya mashine. Aliwaza jengo la kijivu. Aliwaza Shani, aliyekuwa ameanza kuwaita "baba" watu wawili: kinyozi wa mtaani, na mtu wa kwenye kopo la maziwa. Vidole vikashuka.

*Baada ya majadiliano ya kina, ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba abiria washauriwe wakiwa wamekaa vitandani mwao, kwa kipaza sauti, na kwamba asiwepo atakayenyanyuka kitandani kabla ibara zote hazijasomwa.*

Kesho yake Katibu alisoma. Mwajabu alikuwa ameinamia daftari. Katibu alifika pale, akasita, akarudia mstari. Mheshimiwa Kirungu alifumbua jicho moja.

"Nani alitoa wazo hili?"

Wajumbe walitazamana kila mmoja akitafuta usoni mwa mwenzake kama ni kosa au ni sifa.

"Kwa sababu," alisema Mheshimiwa, "ni wazo zuri ajabu."

"Ni langu, Mheshimiwa," alisema Bwana Mwinchande.

"Lako? Mimi ndiye niliyeuliza watakaa wapi!" aliruka Bi Mwatumu.

"Kuuliza si kujibu, dada yangu."

"Na mimi nilitikisa kichwa," alisema yule wa kikokotoo, "kabla yenu wote."

Waligombana mpaka saa sita, na hatimaye waliafikiana kwamba wazo lilikuwa la Mheshimiwa Kirungu, ambaye alikubali kwa unyenyekevu na kusema alilitoa akiwa amefumba macho.

*

Alhamisi ikafika. Mpango wa Mwajabu ulikuwa mwepesi. Beji ya Wizara ingempitisha bandarini. Bwana Mwinchande angesoma, yeye angetoka polepole saa nne, angemkuta Mfaume kwenye lango, angempeleka nyumbani kwa Bi Nunu. Kumpeleka ilikuwa lazima, kwa sababu Mfaume hakukujua nyumbani. Mtaa wao wa zamani ulikuwa umeshauriwa uhame, ukahama. Na ule mpya, kwa kuwa haukuwa kwenye mpango, haukuwa na jina wala namba.

Starehe ya Saba iliingia, nyeupe, ndefu, ghorofa kumi na moja, kama hospitali iliyoamua kusafiri. Bendi ilipiga. Wenye meno yaliyopangika walitabasamu. Abiria walikuwa wamejazana mlangoni na kofia zao na mafuta yao ya jua, wakaambiwa warudi vyumbani wakae vitandani. Nahodha, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa, aliuliza kwa adabu ni sheria gani hiyo. Mheshimiwa Kirungu alimwekea kigoda. Nahodha alikikalia, magoti yakafika masikioni, akashauriwa kwamba meli isiyoshaurika haipewi maji ya kunywa. Akasema ameshaurika.

Katika chumba cha nahodha palikuwa na kipaza sauti cha kufikia kila kitanda. Mheshimiwa, kwa ukarimu, alikuwa ameamuru kiunganishwe pia na vipaza sauti vya bandari na vya mji mzima, ili raia wasikie wasichoruhusiwa kuona. Mkalimani hakuwepo. Wizara iliamini kwamba ushauri mzuri humfikia mtu wa lugha yoyote, mradi amekaa.

Bwana Mwinchande alikohoa, akafungua kitabu, akafungua kinywa. Kikatoka kitu kama mlango usiotiwa mafuta. Mtu mzima alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, asubuhi na jioni, bafuni. Sauti yote ilikuwa imebaki huko.

"Bi Mwatumu, soma wewe," alisema Mheshimiwa.

"Mimi ni Maoni, Mheshimiwa. Siwezi kusoma Ushauri, itachanganya."

"Nani basi amekisoma kitabu hiki?"

Walitazamana. Hakuna. Katika nchi nzima kitabu kile kilikuwa kimesomwa chote na mtu mmoja tu, naye alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono juu ya kitasa.

"Wewe binti. Njoo. Usisimame mpaka ukimalize."

*

Mwajabu alisoma. Alisoma tangawizi, alisoma viatu, alisoma kisasi cha chakula. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Kwenye ghorofa kumi na moja wageni elfu moja na mia tisa walikaa kwenye mashuka yao, wengine wakalala, na hakuna aliyeweza kuyavua.

Saa nne, kupitia dirisha, aliona watu wa mavazi meupe wakiteremka ngazi. Askari wa gati aliwauliza, "Nyie abiria?" Wakajibu, "Hapana, madobi." Akasema, "Basi piteni, nyie hamhusiki," na akaendelea kuwalinda wasiokuwepo.

Mwajabu alimtambua Mfaume kwa mwendo. Alikuwa amekonda. Alikwenda hadi langoni, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akatoa simu, simu ya Mwajabu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko mlangoni, na mlangoni amekaa Bi Mwatumu. Mfaume akarudisha simu mfukoni. Akakaa juu ya nguzo ya kufungia kamba. Dakika kumi. Ishirini. Mwajabu alisoma ibara ya themanini na saba, juu ya kofia na upepo. Saa kumi kamili madobi hurudi. Na ibara zilizobaki zilikuwa mia tatu ishirini na tano.

Alimtazama Mheshimiwa. Alikuwa amefumba macho. Bi Mwatumu alikuwa anakata kucha.

"Ibara ya themanini na nane," alisoma Mwajabu, na kitabuni palikuwa na habari za minazi. "Mgeni mwenye mavazi meupe aliyekaa juu ya nguzo asikae hapo kama mzigo. Anyanyuke."

Kule nje ya dirisha, Mfaume juu ya nguzo aliinua kichwa.

"Kipengele cha pili. Atoke langoni, ashike njia ya ghala la chumvi, na asijifanye anaijua, kwa sababu imebadilishwa. Apite kinyozi mwenye kiti chekundu. Kipengele cha tatu. Akate kushoto palipo na bomba linalovuja. Huwezi kulikosa, linavuja tangu uchaguzi. Nyumba ya nne, mlango wa bluu. Agonge mara mbili, aseme yeye ni baba."

Bi Mwatumu alisimamisha wembe. Mheshimiwa Kirungu alifumbua jicho.

"Hiyo ibara ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa. Ni yako. Ya kikao cha sita, ile siku ya mihogo."

Mheshimiwa alifikiri. Uso wake ukapanuka polepole.

"Naikumbuka," alisema. "Kuna ubaba ndani yake. Ubaba wa taifa. Irudie, hawa watu wengine ni wagumu kuelewa."

Na Mungu amzidishie, maana Mfaume alikuwa ameshafika njia panda na kuelekea upande wa soko. Mwajabu alirudia, taratibu, na alipofika kwenye ghala la chumvi alimwona akigeuka na kuanza kukimbia. (Ibara hiyo iliingizwa kitabuni baadaye, na mpaka toleo la nne hakuna aliyethubutu kuitoa. Bi Nunu anasema kila meli ikija hupokea wazungu wawili watatu mlangoni, nao wote ni baba.)

Mfaume alipopotea machoni, Mwajabu hakuweza tena kurudi kwenye minazi. Alifunua ukurasa kwa ajili ya macho ya watu, akaendelea.

"Ibara ya themanini na tisa. Mgeni atakapofunguliwa, asimrukie mtoto. Amtazame pembeni kwanza, kama anayetafuta kitu chake kingine. Mtoto atalia. Akilia mgeni asiondoke. Si kwamba hatakiwi. Ni kwamba alizoea uso wenye tundu moja la pua, sasa ameona mawili. Ibara ya tisini. Akinyamaza, anyanyuliwe kwa mikono miwili, chini ya makwapa, si kama bando la mashuka. Anapenda kupulizwa shingoni. Anapenda kuimbiwa, hata na asiyejua kuimba, na tunamfahamu asiyejua kuimba. Ibara ya tisini na moja. Ana meno manne. Mgeni asimpe kidole."

Wanasema vyumbani kulikuwa na utulivu wa ajabu wakati ule. Wageni hawakuelewa neno, lakini bibi mmoja wa ghorofa ya saba, aliyepanda meli kutibu upweke, alilia mpaka mhudumu akamletea taulo, na alipoulizwa ana nini alisema hajui, ila asizime kile kipaza sauti.

*

Alimaliza mia nne kumi na mbili saa kumi kasoro dakika sita, midomo imekauka kama karatasi. Kwenye vyumba vyote lilisikika neno moja la kigeni lililofundishwa kwa ishara, nalo ni "Tumeshaurika".

Mheshimiwa Kirungu alichukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Leo tumepokea wageni elfu moja na mia tisa. Hakuna aliyeibiwa! Hakuna aliyepotea! Hakuna aliyeharishwa na chakula chetu! Hakuna aliyepiga picha ya kitu kibovu! Nchi gani nyingine inaweza kusema hivyo? Na wamefurahi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka kuondoka melini!" Nahodha aliombwa aseme neno. Alisema kwamba katika miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kuona abiria waliopumzika namna ile, na kwamba kama Wizara itasisitiza, meli inaweza kupita tena mwezi ujao. Wizara ilisisitiza palepale.

Mwajabu alikuwa ameshatoka. Alishuka ngazi mbilimbili, na madobi walikuwa wanapanda, wamebeba machungwa na kanga za kupelekea wake wa nchi nyingine. Alitazama uso mmoja mmoja. Si yeye. Si yeye. Askari alikuwa ameanza kushika mnyororo wa kufunga.

Mfaume alikuja wa mwisho, anakimbia, kola imepinda. Walikutana katikati ya ngazi, palipo pembamba, watu wakiwapita kwa ubavu. Mwajabu alitaka kumuuliza kama aliliona bomba, kama Bi Nunu alifungua, kama mtoto alilia sana. Kifuani, kwenye lile shati jeupe la kampuni lililopigwa pasi hadi likawa na makali, palikuwa na doa kubwa la manjano, bado bichi, lililoteremka mpaka mkandani.

Mfaume alilitazama, akamtazama mkewe, akavuta bega nyuma kama mtu aliyevishwa nishani na Mshauri Mkuu mwenyewe.

"Amenikojolea," alisema.

"Nimeona."

Filimbi ilipigwa juu. Alimshika mkono, akaubana, akapanda hatua mbili, akageuka.

"Mwajabu. Shati hili silifui."